Umepangiwa jimbo la mbali: jinsi ya kuomba uhamisho ukiwa NYSC Nigeria

Umemaliza shahada Kampala, Nairobi au Dar es Salaam. Baba ni Mnigeria, mama ni wa huku kwetu, na pasipoti uliyonayo mfukoni ni ya Nigeria. Umejisajili kwa ajili ya mwaka wa huduma kwa taifa, NYSC, na hati ya wito imetoka: umepangiwa Kebbi. Mume wako anafanya kazi Port Harcourt. Au daktari wako yuko Lagos. Au humjui hata mtu mmoja kuanzia Abuja kwenda kaskazini, na mama huko Tanga hapati usingizi.

Uhamisho unaombeka, na kuna watu wanaoupata katika kila kundi la vijana linaloitwa. Ila maombi mengi huanguka kwa sababu mwombaji hakuelewa anaomba nini, anamwomba nani, na kwa nini afisa wa NYSC anaanza na jibu la hapana. Tuanzie hapo.

Kwa nini wamekupeleka mbali

NYSC ilianzishwa tarehe 22 Mei 1973 na serikali ya Jenerali Yakubu Gowon, miaka mitatu baada ya vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970. Nchi ilikuwa imejeruhiana. Wazo lilikuwa kumchukua msomi kijana wa Enugu akaishi Sokoto, wa Kano akafundishe Calabar, wajuane. Kwa hiyo kupelekwa mbali na kwenu si bahati mbaya ya kompyuta. Mpango wenyewe uliundwa ili ufanye hivyo.

Hilo linabadilisha namna ya kuandika ombi lako. Ukieleza kwamba jimbo ni geni, lugha huijui, chakula hukizoei na ndugu wako mbali, umemweleza afisa kuwa mpango unafanya kazi vizuri. Ombi linalosikilizwa ni lile linaloonyesha kwamba kubaki kwako pale kunagongana na jambo ambalo taratibu zenyewe zinalitambua. Mambo hayo ni matatu: ndoa, afya na usalama.

Aliyepitia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria Tanzania asidhani anaijua safari hii. Kambi ya NYSC ni ya wiki tatu tu: gwaride, fulana nyeupe, foleni za usajili, na jioni soko la kambini linaloitwa Mammy Market. Baada ya hapo unapewa kituo cha kazi, mara nyingi shule, na huko ndiko unakomalizia mwaka mzima. Unayoomba kuuhamisha ni huo mwaka. Wiki tatu za kambi utazimaliza hapo hapo ulipo.

Kabla ya yote: hakikisha unatakiwa kuhudumu

Anayehusika ni raia wa Nigeria aliyehitimu shahada, au stashahada ya juu ya chuo cha ufundi, kabla hajafikisha miaka 30. Aliyehitimu akiwa amevuka umri huo hupewa cheti cha kusamehewa. Ukiwa na damu ya nchi mbili, suala la uraia lishughulikie kabla ya kununua tiketi. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010. Tanzania kwa kawaida hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi nyingine, kwa hiyo kama bado unatumia pasipoti ya Tanzania huku unajisajili NYSC kama Mnigeria, zungumza na mwanasheria kwanza.

Suala hili liliwahi kumwangusha waziri. Kemi Adeosun, Waziri wa Fedha wa Nigeria aliyezaliwa na kusomea London, alijiuzulu Septemba 2018 baada ya kubainika kuwa cheti chake cha kusamehewa NYSC hakikuwa halali. Yeye alisema alikipata kupitia watu aliowaamini na hakujua kina kasoro. Mwaka 2021 mahakama mjini Abuja ikaamua kwamba hakulazimika kuhudumu hata kidogo, kwa kuwa alipohitimu alikuwa raia wa Uingereza. Yaani kiti kilipotea kwa ajili ya karatasi ambayo pengine hakuihitaji, iliyoletwa na mtu wa kati. Tutarudi kwa watu wa kati.

Aliyesoma Afrika Mashariki ana mzigo wa ziada. Mwishoni mwa 2023 mwandishi wa gazeti la Daily Nigerian alionyesha jinsi alivyopata shahada ya Benin kwa wiki sita na kuitwa NYSC. Serikali ikasimamisha utambuzi wa shahada kutoka Benin na Togo, na Januari 2024 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Tahir Mamman, akasema uchunguzi utafika pia Kenya na Uganda. Kwa hiyo kambini utakaguliwa kwa jicho kali. Beba vyeti halisi, taarifa ya matokeo ya chuo, barua ya kudahiliwa, matokeo ya sekondari na pasipoti yenye mihuri inayoonyesha kweli uliishi nchi uliyosomea. Ombi la uhamisho la mtu ambaye shahada yake bado ina alama ya kuuliza halina pa kusimama.

Unataka kuhama jimbo, au kituo cha kazi?

Hapa ndipo wengi wanapopoteza wiki nzima. Ni mambo mawili yenye milango miwili.

Kuhama jimbo ni kutoka, tuseme, Kebbi kwenda Rivers. Uamuzi unapitia makao makuu ya NYSC na unahitaji moja ya zile sababu tatu.

Kubadilishiwa kituo ni kubaki jimbo lile lile lakini kwa mwajiri mwingine. Shule imekukataa kwa sababu haina somo lako, mwajiri hana malazi na nyumba za jirani huzimudu, au bosi ana tabia unazozijua mwenyewe: hayo yote yanamalizwa ndani ya jimbo. Mwajiri asiyekuhitaji anakuandikia barua ya kukukataa, unaipeleka ofisi ya NYSC, unapangiwa kwingine. Mtu wako wa kwanza ni mkaguzi wa NYSC wa eneo lako la serikali ya mtaa, anayejulikana kama LGI.

Jiulize hivi: kama wangenipa kituo kizuri mjini, makao makuu ya jimbo hili hili, bado ningetaka kuondoka? Ukijibu hapana, acha habari ya jimbo na pigania kituo. Ni rahisi zaidi, ni haraka zaidi, na kwa maoni yangu nusu ya wanaolilia jimbo wangetulia wakipata chumba karibu na soko na umeme wa uhakika.

Nafasi tatu za kuomba

*1. Kabla hujapangiwa.* Hii ndiyo bora, na ndiyo inayosahaulika. Wakati wa kujisajili mtandaoni unachagua majimbo unayopendelea, nje ya jimbo la asili yako. Mwanamke aliyeolewa anaweza kueleza ndoa yake hapo hapo na kuambatisha cheti ili apangiwe jimbo analoishi mumewe. Mwenye ugonjwa unaohitaji uangalizi wa karibu naye hueleza mapema. Ukiijaza sehemu hii kwa haraka, ukaandika hujaolewa kwa kuwa cheti kiko kwa shemeji Mombasa, umejitengenezea safari ya kilomita mia kadhaa na foleni ya kambini.

*2. Ukiwa kambini.* Hapa ndipo maombi mengi hufanyika. Kwenye akaunti yako ya NYSC hufunguliwa sehemu ya Relocation kwa siku chache tu ndani ya zile wiki tatu. Ikifungwa, imefungwa.

*3. Baada ya kambi.* Inawezekana kupitia ofisi ya NYSC ya jimbo, hasa kwa jambo lililozuka baadaye: umeolewa katikati ya mwaka, umeugua, hali ya usalama imeharibika. Kadiri miezi inavyokatika ndivyo hoja inavyopungua uzito, maana afisa ataona umebakiza kidogo, umalizie.

Hoja ya ndoa

Ni ya mwanamke anayemfuata mume anayeishi ndani ya Nigeria. Mchumba haingii. Mwanamume anayetaka kumfuata mkewe pia hana nafasi kwa hoja hii, na ukiona ni upendeleo hauko peke yako, lakini ndivyo utaratibu ulivyo. Na kama mume yuko Nairobi, uhamisho hauna maana, kwani hakuna jimbo la NYSC huko.

Utahitaji:

☐ cheti cha ndoa, halisi pamoja na nakala
☐ uthibitisho wa makazi au kazi ya mume katika jimbo unaloomba: barua ya mwajiri wake, kitambulisho cha kazi
☐ kama umebadili jina, hati ya kiapo na tangazo la gazetini la kubadili jina
☐ barua fupi ya mume akieleza anapoishi, pamoja na nakala ya kitambulisho chake

Waliofunga ndoa Afrika Mashariki wasikilize vizuri. Picha za harusi na karatasi ya msikitini au kanisani si cheti cha serikali. Tanzania, ndoa husajiliwa kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu na za kimila zikiwemo. Pata cheti hicho kabla ya kuondoka, kwa sababu kukifuatilia ukiwa kambini Kebbi, na binamu akienda ofisini kwa niaba yako, kunakula siku zote ulizopewa. Kikiwa kwa Kiswahili, kifanyie tafsiri rasmi ya Kiingereza na uibebe pamoja na chenyewe.

Halafu majina. Huku kwetu mtu anaweza kuwa Asha Juma kwenye cheti cha kuzaliwa, Asha Juma Salim chuoni na Asha Okonkwo kwenye pasipoti, na hakuna anayeshangaa. Afisa wa NYSC atashangaa. Panga karatasi zako mezani usome jina moja moja, herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, weka hati ya kiapo inayoiunganisha.

Mwenye mimba na anayenyonyesha wasisubiri kuulizwa. Hawakai kambini na wenzao, kwa hiyo jieleze siku ya kwanza ya usajili ukiwa na karatasi ya hospitali, na ombi la kumfuata mume liende sambamba.

Hoja ya afya

Hii ndiyo hoja inayotumiwa vibaya kuliko zote. Ndiyo maana mgonjwa wa kweli hutazamwa kama mwongo mpaka athibitishe.

Ripoti itoke hospitali ya serikali. Ripoti ya Muhimbili au Kenyatta ni ushahidi mzuri wa historia yako, ila itilie nguvu kwa kuonwa na daktari wa hospitali ya serikali ndani ya Nigeria, kwa mfano hospitali ya rufaa ya chuo kikuu. Iwe na tarehe ya karibuni, sahihi, muhuri na jina la daktari linalosomeka.

Yaliyomo ndani yake yana uzito kuliko muhuri. Ripoti inayosema tu "ana pumu, asaidiwe" ni dhaifu, kwa sababu wenye pumu wako kila jimbo na wanatibiwa. Mwombe daktari ajibu maswali manne: ugonjwa ni upi, umeanza lini, unapata matibabu gani na kila baada ya muda gani, na kwa nini matibabu hayo yanahitaji uwe karibu na hospitali fulani au mbali na mazingira fulani. Mwenye selimundu anayehudhuria kliniki maalumu, aliyefanyiwa upasuaji na bado anarudi kukaguliwa, anayesafishwa damu: hawa wana jambo la kueleza kwa tarehe na kwa majina ya dawa.

> ANGALIA MTEGO HUU
> Kila anayeingia kambini hutakiwa kuleta cheti cha hospitali kinachosema ana afya ya kutosha kushiriki mafunzo. Wengi huchukua cheti kinachosema "mzima kabisa", kisha wiki ya pili wanawasilisha ripoti ya ugonjwa wa miaka mitano. Karatasi hizo mbili zitakutana kwenye faili moja. Mwambie ukweli daktari anayekuandikia cheti cha kwanza, aandike kwamba unaweza kuhudhuria lakini una hali hii na hii, na usifanye mazoezi mazito. Ukifika, jiandikishe zahanati ya kambi siku za mwanzo. Mgonjwa asiyejulikana zahanati halafu anatokea siku ya maombi hana shahidi.

Beba dawa za kutosha wiki zote tatu, na uziache katika vifungashio vyake vyenye jina lako.

Hoja ya usalama

Mwaka 2011, baada ya uchaguzi, vijana kumi wa NYSC waliuawa katika ghasia za Bauchi. Agosti 2023, vijana wanane waliokuwa safarini kutoka Uyo kwenda kambi ya Sokoto walitekwa Zamfara, na baadhi yao walikaa mateka miezi mingi. Kwa hiyo hofu ya mama yako ina msingi, na NYSC wanaijua. Kambi ya Borno, kwa mfano, imewahi kuendeshwa nje ya jimbo hilo kwa sababu ya Boko Haram.

Hata hivyo, "naogopa kaskazini" si hoja. Kaskazini ni majimbo mengi, na tofauti kati ya mji mkuu wa jimbo na kijiji cha mpakani inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti kati ya majimbo mawili. Taja eneo, taja tukio, taja tarehe, na ueleze linavyokugusa wewe: kituo ulichopewa kiko wapi na barabara ya kwenda huko inapita wapi. Mara nyingi jibu la haraka litakuwa kukupa kituo mjini ndani ya jimbo hilo. Ukipewa, lipime kwa utulivu kabla ya kulikataa.

Hatua kwa hatua ukiwa kambini

1. Fika siku ya kwanza ya usajili. Safiri mchana. NYSC wenyewe huwahimiza vijana wasisafiri usiku. Safari ikiwa ndefu, lala njiani katika mji mkubwa, uendelee asubuhi.

2. Kamilisha usajili wote kwanza. Uhakiki wa vyeti, namba ya jimbo, akaunti ya benki. Namba ya jimbo ndiyo utambulisho wako mwaka mzima. Inaanza na herufi za jimbo, mwaka na kundi, kisha tarakimu zako. Bila hiyo hakuna ombi.

3. Uliza mapema dirisha linafunguliwa lini. Muulize afisa wa kikosi chako na usikilize matangazo ya asubuhi uwanjani. Usitegemee kundi la WhatsApp, kwani uvumi humo ni mwingi kuliko maharage ya jikoni.

4. Skani karatasi zako kabla. Ukifika kambini mafaili yawe tayari kwenye simu na kwenye barua pepe, yanasomeka, hayajapinda, hayana kidole cha mpiga picha pembeni. Mtandao wa kambini hulemewa watu wote wanapoingia kwa pamoja. Jaribu alfajiri.

5. Ingia kwenye akaunti yako, fungua sehemu ya Relocation, chagua sababu moja. Chagua ile yenye karatasi. Anayejaza ndoa huku anaeleza pumu na wasiwasi wa usalama humfanya msomaji ashuku zote tatu.

6. Chagua jimbo linalolingana na ushahidi. Mume yuko Port Harcourt, omba Rivers. Ukiomba Lagos au Abuja na mume yuko Rivers, umejiangusha mwenyewe. Maeneo hayo mawili kila mtu anayataka.

7. Pakia, wasilisha, chapisha. Piga picha ya skrini inayoonyesha ombi limepokelewa.

8. Peleka karatasi halisi kwa uhakiki siku na mahali patakapotangazwa. Usimpe mtu faili lako akupelekee. Usiache karatasi halisi kama hazikuombwa rasmi. Wakizitaka, baki na nakala na jina la aliyepokea.

9. Endelea na kambi kama kawaida. Anayetoroka gwaride kwa kuwa "naondoka hata hivyo" anajichafulia jina mbele ya watu wale wale wanaotoa maoni juu ya ombi lake.

10. Kambi ikifungwa, tazama akaunti yako. Jibu likiwa ndiyo, utachapisha barua ya uhamisho kutoka humo.

Barua, kwa anayeomba baada ya kambi

Iandike kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, kwa Mratibu wa NYSC wa jimbo. Mifupa yake ni hii:

> *Jina kamili, namba ya jimbo, kundi, kituo cha kazi, simu.*
> *Yah: Ombi la uhamisho kutoka jimbo la … kwenda jimbo la … kwa sababu ya …*
> *Aya ya kwanza: mimi ni nani, ninafanya kazi wapi tangu lini.*
> *Aya ya pili: jambo lililotokea, kwa tarehe.*
> *Aya ya tatu: karatasi zilizoambatishwa, kwa majina.*
> *Mwisho: ombi, shukrani, sahihi.*

Hakuna haja ya aya ya sifa kwa taifa wala ya machozi. Anayeisoma ana rundo mezani. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Mjulishe pia mkaguzi wa eneo lako, asije akasikia habari zako kutoka juu.

Vishoka

Kuomba uhamisho hakulipiwi. Atatokea mtu wa kati, kambini au kwenye simu, anayemjua mtu makao makuu, na bei yake itapanda kadiri siku ya kufunga kambi inavyokaribia. Wengine hukuuliza namba ya jimbo na nywila ili "wakusaidie kujaza". Ukiwapa nywila, umewapa akaunti yako yote.

Cheti cha ndoa cha kukodi na ripoti ya hospitali ya kununua ni kughushi nyaraka. NYSC huandikia hospitali na wasajili kuuliza. Ukikamatwa unaweza kuondolewa kambini na kufikishwa kwenye mkono wa sheria, na cheti cha NYSC ndicho waajiri wengi wa Nigeria, serikali ikiwa ya kwanza, hukiuliza kabla ya kitu kingine. Adeosun alijiuzulu miaka mingi baada ya karatasi yake kuandikwa.

Jibu likija

*Wakikubali.* Nenda jimbo jipya mara moja, ukaripoti ofisi ya NYSC huko na barua ya uhamisho, hati ya wito, kitambulisho na picha ndogo. Utapewa kituo kipya. Nauli iweke kwenye bajeti yako mwenyewe. Kama ulikuwa umeshaanza kazi, aga kituo cha zamani kwa maandishi na uhakikishe umeidhinishwa mwezi uliopita, kwa sababu posho ya mwezi, naira 77,000 tangu 2025, inategemea uhakiki wa kila mwezi. Wengi waliohama hulalamika kwamba posho ilichelewa mwezi wa kwanza. Weka akiba ya kujilisha.

*Wakikataa.* Ripoti kituo ulichopewa bila kuchelewa, hata kama unakusudia kuomba tena. Anayekaa nyumbani kwa shangazi Lagos akisubiri huruma huhesabiwa mtoro, na mtoro huongezewa muda wa huduma. Ukishafika, tafuta nini kilipungua: karatasi, au hoja yenyewe? Karatasi hutafutwa. Hoja isiyokuwepo haitafutwi, na hapo geukia suala la kituo cha kazi.

Maswali yanayoulizwa sana

*Naweza kubadilishana jimbo na mwenzangu?* Hapana. Walimu wa huku kwetu wamezoea kutafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. NYSC haina mlango huo.

*Mzazi wangu ni mgonjwa na mimi ndiye ninayemtunza.* Si moja ya sababu tatu. Mweleze mratibu wa jimbo ana kwa ana, na uombe ruhusa ya kusafiri kila inapobidi.

*Naweza kurudi Dar kwa Idi au Nairobi kwa Krismasi?* Si bila ruhusa. Kutoka tu nje ya jimbo unaombea ruhusa, na kutoka nje ya nchi ni ngazi ya juu zaidi. Omba kwa maandishi wiki kadhaa kabla, na tiketi inunuliwe ruhusa ikiwa mkononi.

*Nikihamishwa, muda niliotumikia unapotea?* La. Mwaka wako unaendelea kuhesabiwa pale ulipofikia, ilimradi hakuna pengo ambalo hukuripoti popote. Tunza barua zote mbili, ya jimbo la zamani na la jipya, hadi siku utakapokabidhiwa cheti.